Kuuliza kwa lugha yao: namna ya kukusanya maoni ya jamii kuhusu sheria za urithi

Neno la kwanza kuwaangusha mnaokwenda kukusanya maoni huwa ni "hifadhi". Kwenye ofisi za Posta au Mikocheni halina kosa: mahali pa urithi patahifadhiwa. Likifika Kondoa au bonde la Yaeda, wazee wanasikia mabango, vigingi vya mipaka na askari wenye magwanda, na swali la kwanza kutoka nyuma ya mkutano litakuwa: tunahamishiwa wapi? Neno la pili ni "urithi". Kwa watu wengi hayo ni mambo ya mirathi, shamba na ng'ombe wa marehemu na watoto wasioelewana. Maneno yote mawili ni Kiswahili safi, na bado hamjaanza kutafsiri.

Maelezo haya ni ya watu walioko Dar es Salaam, wanasheria, maofisa wa asasi na watafiti, wanaotumwa kukusanya maoni kuhusu sheria au kanuni za urithi kwa jamii ambazo Kiswahili kwao ni lugha ya pili. Dar inalevya. Hapa mtu akikaa miaka kumi anaamini kila Mtanzania anazungumza Kiswahili kama cha daladala za Mbagala. Nchi ina lugha zaidi ya 120, na watu mnaowahitaji zaidi, bibi anayejua mipaka ya msitu wa matambiko au mzee anayeongoza ibada ya mvua, ndio hasa wenye Kiswahili cha sokoni tu. Kinatosha kununua sukari. Kukataa kifungu cha sheria ni habari nyingine.

Australia walichojifunza kwa gharama

Mei 24, 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge huko Pilbara, Australia Magharibi, mahali penye dalili za kukaliwa na watu tangu miaka 46,000 iliyopita. Kibali ilikuwa nacho, cha 2013, chini ya Sheria ya Urithi wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, ya 1972. Uchimbaji wa kiakiolojia wa 2014 ulionyesha thamani ya mahali pale, lakini sheria haikuwa na mlango wa kurudia uamuzi. Wenyewe, watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, wakabaki na vifusi. Jimbo likatunga sheria mpya mwaka 2021. Ikaanza kazi kamili Julai 1, 2023, Agosti serikali ikatangaza kuifuta, na Novemba mwaka uleule ile ya 1972 ikarudi ikiwa na marekebisho.

Jaribuni kuieleza safari hiyo kwa Mwaborijini anayesikiliza kwa Kikrioli, lugha ya mchanganyiko ya huko, au kwa lugha ya Jangwa la Magharibi, kupitia kipande cha sauti alichotumiwa na binamu yake. Kipi ni cha sasa? Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya vitendo ni hii: kila rekodi, kila bango, kila karatasi ianze kwa tarehe na hatua. "Leo ni tarehe fulani. Haya ni mapendekezo, bado hayajawa sheria." Sekunde kumi tu. Rekodi isiyo na maneno hayo itaendelea kuzunguka kwenye simu miaka miwili baada ya muswada kubadilika, na watu watagombana kwa jambo lililokwisha kufutwa.

Jambo la pili kutoka huko ni la zamani zaidi. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya Northern Territory, katika kesi ya Anunga, iliwawekea polisi masharti ya kuwahoji Waaborijini: awepo mkalimani, na mtu asiulizwe tu kama ameelewa, bali aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoambiwa, kipande kwa kipande. Sababu inajulikana. Mbele ya mwenye mamlaka watu wengi hujibu "ndiyo" kwa adabu, au ili mazungumzo yaishe. Msicheke, sisi tuna "sawa bosi" na "hamna shida mheshimiwa". Kwa hiyo swali "mmeelewa?" lifutwe kabisa kwenye karatasi zenu. Badala yake: "Mama yangu, ukifika nyumbani wakakuuliza hawa wa Dar wamesema nini, utawaambiaje?" Atakachosema ndicho mlichofikisha, na mengine yamebaki kwenye makaratasi yenu.

Jambo la tatu ni maneno yanayofanana. Kikrioli cha Australia kimejaa maneno yenye asili ya Kiingereza, lakini "kilim" kwa Kikrioli huweza kuwa kumpiga mtu tu, bila kumwua. Anayedhani anaelewa kwa sababu neno analijua ndiye hatari kuliko asiyejua kitu. Kiswahili kinatufanyia hivyo kila siku.

Kujua nani anasema nini

Kabla ya bajeti, chukueni ramani ya vijiji na mpige simu kwa watendaji wa kata. Msiulize "hapo ni kabila gani?" Ulizeni: mkutano wa msiba huendeshwa kwa lugha gani? Wazee wakibishana mipaka, wanabishana kwa lugha gani? Wanawake kisimani je? Kijiji kimoja cha Kondoa au Chemba kinaweza kuwa na Kirangi, Kisandawe na Kiswahili, na kila kimoja kina saa yake. Kwa Wazaramo wa Pugu na Kisarawe mkutano mzima huenda ukaendeshwa kwa Kiswahili bila taabu, mradi majina ya mahali na ya tambiko yabaki vilevile yanavyotamkwa na wenyewe. Kwa Wahadzabe hali ni nyingine kabisa: wasemaji ni takriban 1,000, lugha haina ndugu anayejulikana, na sauti zake za vidoko, zile za kugonga ulimi, hazina maandishi ambayo wengi wameyazoea. Kuchapa vipeperushi vya Kihadza ni kuchoma hela. Tumieni sauti.

Kwa Wamasai, ulizeni pia ni Wamasai wapi. Kiparakuyo cha Morogoro na Pwani na Kikisongo cha Arusha vinasikilizana, lakini msikilizaji akisikia lafudhi ya upande mwingine anaanza kujiuliza nani ametumwa na nani.

Wakalimani

Dar ina hazina: wanafunzi wa Mlimani, vyama vya kusaidiana vya watu wa nyumbani, makanisa yaliyowahi kutafsiri Biblia, walinzi na wauza dawa za asili wa Kariakoo. Anzieni huko, ila mpime. Kijana aliyezaliwa Tandika anaweza kuwa na lugha ya jikoni, ya kusalimia na kugombezwa, bila kuwa na lugha ya baraza. Kipimo ni rahisi. Mpeni dakika tatu za mzee akizungumza kuhusu mahali pa tambiko, asikilize mara mbili, kisha aeleze kwa Kiswahili. Akiruka sehemu na kusema "hapa anaongea tu mambo ya kizamani", si huyo.

Mnahitaji wawili kwa kila lugha, mwanamume na mwanamke. Yako mambo ya wanawake ambayo hayatasemwa mbele ya mkalimani wa kiume, hata awe mjukuu wao. Kati ya Waaborijini mgawanyo huu ni mkali: sehemu nyingine hata jina lake halisemwi mbele ya jinsia nyingine, na atakayepeleka mtu asiyestahili amefunga mkutano. Kwetu unatofautiana jamii na jamii, hivyo ulizeni mapema. Ulizeni pia kama mkalimani ana shauri la ardhi pale kijijini, au ukoo wake unadai sehemu inayojadiliwa. Wawili hao wapokezane kila dakika 30. Akipita hapo bila kupumzika, anaanza kufupisha, na anayefupishwa siku zote ni mwananchi.

Walipeni kwa siku, pamoja na siku za maandalizi. Mkalimani anayeliona jedwali la maneno kwa mara ya kwanza ndani ya gari ni kosa lenu, si lake.

Jedwali la maneno

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu hupaharakisha.

Tangu marekebisho ya 2021 lugha ya sheria nchini ni Kiswahili, lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliandikwa kwa Kiingereza. Maana yake mna safari mbili: Kiingereza kwenda Kiswahili, kisha Kiswahili kwenda Kisandawe. Kosa la safari ya kwanza linazaa watoto kwenye ya pili. Msitafsiri sheria neno kwa neno. Andikeni maelezo ya Kiswahili cha kusemwa, maneno 600 hivi, kila sentensi ikiwa na mtendaji: nani anafanya nini, wapi, asipofanya nini kinampata. Kiswahili cha ofisini kinapenda kuficha mtendaji, "kibali kitatolewa", na lugha nyingi zitadai kujua kinatolewa na nani.

Chukueni sentensi ya aina hii: "Hairuhusiwi kuondoa, kuharibu au kubadili kumbukumbu bila kibali cha Mkurugenzi." "Kumbukumbu" wengi watasikia ni kukumbuka wafu. "Kubadili" ni kufanya nini? Isemeni hivi: "Kuna mchoro kwenye mwamba. Mtu akitaka kuugusa, kuupaka kitu, au kubandua jiwe, kwanza apate karatasi kutoka kwa mkuu wa mambo ya kale. Asipokuwa nayo, ni kosa." Sasa watu wanaweza kujibu, na watajibu. Pale Mongomi wa Kolo, kwenye michoro ya Kondoa iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2006, watu bado wanakwenda kutambika, na pombe humwagwa. Je, kumwaga pombe ni kupaka kitu? Kwa mhifadhi, unyevu unaharibu mchoro. Kwa anayetambika, mahali pasipomwagiwa pamekufa. Swali hilo ndilo mlilofuata huko, na sentensi ya kwanza ingelipita bila mtu kuamka.

Tarehe nazo zina kazi yake. Sheria ile ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kwa milango ya kuchongwa, ile ya kabla ya 1940. Namba 1863 haimwambii mtu kitu. Pwani semeni: kabla Seyyid Majid hajaigeuza Mzizima kuwa Dar es Salaam. Tofauti ni ya miaka michache tu, na kila mtu atajua ni zama gani. Bara semeni: kabla ya Wajerumani, miaka kama ishirini nyuma, au muhesabu vizazi, babu wa babu wa babu. Mkishasema hivyo kwa lugha inayoeleweka, mzee atauliza lenyewe: chemchemi yetu haikutengenezwa na mtu, je, sheria inaiona? Liandikeni swali hilo kama lilivyo. Msilijibu kwa kubahatisha.

Jedwali lenyewe liwe na maneno 25 hadi 40, si zaidi. Safu nne: neno la sheria, maana kwa Kiswahili cha kusemwa, neno au maelezo kwa lugha lengwa, na safu ya nne ya "wanaweza kusikia nini kingine". Safu ya nne ndiyo yenye thamani. Wakalimani wawili wakishakubaliana, chukueni mtu wa tatu ambaye hajaona Kiswahili chenu, asikilize maelezo kwa lugha yake, ayarudishe kwa Kiswahili. Wekeni matoleo mawili sambamba. Mara nyingi "maoni" yamerudi kuwa "kibali", "kushauriwa" kumekuwa "kuarifiwa", na "inaweza" imekuwa "itafanya". Hapo mnarudi mezani. Tengeni siku mbili kamili kwa kila lugha, na chai ya kutosha, maana watabishana.

Neno moja la kuchunga kuliko yote ni "sheria". Muulizeni mkalimani: hili ulilotumia ni amri ya serikali au ni mwiko wa wazee? Kama ni moja kwa vyote viwili, kila mara aongeze ni ya nani.

Kurekodi

Klipu moja, jambo moja, dakika tatu zisizidi. Mada tano ni klipu tano. Mtu wa kitochi hana subira ya dakika ishirini, na akitaka kurudia kipande hawezi.

Rekodini kijijini kama mnaweza, asubuhi kabla upepo haujaamka. Mkilazimika kurekodi Dar, chumba cha kulala chenye godoro, mapazia mazito na kabati la nguo lililofunguliwa ni bora kuliko ukumbi mzuri wenye mwangwi. Zimeni feni na kiyoyozi, chomoeni friji, na muangalie saa za adhana. Kinasasauti kidogo kinatosha, au simu iliyo kwenye hali ya ndege yenye maikrofoni ya kubana kwenye shati. Bila ya kubana, kaeni shibiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni, ili herufi za p na b zisipige. Vidoko vya Kisandawe na Kihadza hupasua sauti kirahisi: shusheni kiwango mpaka mshale usiguse mwekundu hata kwa kidoko kikali. Hifadhini nakala mama ya WAV, kisha mtoe ndogo ya kusambaza kwa Bluetooth na kadi ya memori. Jina la faili liwe na tarehe, lugha na namba ya mada. "Sauti mpya mwisho kabisa 2" haitamsaidia mtu mwakani.

Mkutano wenyewe

Barua zianzie kwa Katibu Tawala wa Mkoa, zishuke wilaya, kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Tengeni wiki tatu kwa hilo peke yake. Klipu ziwafikie watu siku kumi kabla yenu, ili mkifika muwakute wamekwisha kubishana wenyewe.

Epukeni siku ya mnada, masika, na kipindi cha palizi. Kukiwa na msiba, ahirisheni bila kuombwa. Australia msiba husimamisha kila kitu, na kwa jamii nyingi za Waaborijini jina la marehemu halitajwi wala sauti yake haipigwi bila ruhusa ya ndugu. Chukueni hilo la pili kama lilivyo: wekeni kumbukumbu ya nani anasikika kwenye klipu gani, ili akifariki mjue ya kuondoa.

Mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea, ndio wenye nguvu kisheria, na mnauhitaji. Lakini humo hamtapata habari za mahali pa siri. Fanyeni kwanza vikao vya watu 8 hadi 12: wazee, wanawake, vijana, kila kundi peke yake na mkalimani wake. Ukalimani wa kupokezana unakula muda mara mbili, hivyo saa mbili za kikao ni saa moja ya maneno. Mada mbili zinatosha, na wenye mada saba ndio wale wanaomaliza kwa kupiga makofi.

Maswali yawe ya tukio. Si "mnakubali eneo lilindwe?" bali "bibi anataka kwenda kutambika mwezi wa kumi. Amwombe nani, na mlinzi wa serikali akimkatalia, kesi inakwenda wapi?" Baada ya swali, nyamazeni. Watu watageukiana na kuzungumza kwa lugha yao dakika tano au kumi. Mkalimani asitafsiri mazungumzo hayo isipokuwa wakimruhusu. Anayekatiza kimya hicho kwa kurudia swali ndiye anayepata "ndiyo" ya kumfukuzia. Wenyewe wakitaka kulala juu ya jambo, rudini kesho yake. Bajeti isiyo na siku ya ziada imekwisha kuamua jibu.

Karatasi ya posho

Huu ndio mtego wa kwetu. Watu wanasaini mahudhurio ili wapate nauli, kisha karatasi ileile inabandikwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba kijiji kimekubali. Tengeni karatasi tatu, za rangi tofauti kama inawezekana: ya mahudhurio, ya malipo, na ya msimamo. Juu ya mbili za kwanza kuandikwe, na mkalimani aseme kwa sauti: saini hii si ya kukubali wala kukataa. Ya msimamo ijazwe mwisho, ikiwa na nafasi nne: tunakubali, tunakataa, tunakubali kwa masharti, bado tunajadili. Nafasi ya nne hutumika sana, na ni jibu halali.

Sauti ya mtu ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ruhusa ya kurekodi iombwe kwa lugha yake na irekodiwe yenyewe: jina au alama anayotaka, nani atasikia, nani asisikie, na namna ya kuifuta. Mahali pa siri msipachukulie vipimo vya GPS hata mkiruhusiwa kufika. Ripoti iseme "upande wa mashariki wa kijiji" na iishie hapo.

Kurudisha

Ndani ya siku 60 rudisheni majibu, kwa klipu pia, kwa sauti ya wakalimani walewale: mlisema hiki, tumekifanyia hiki, hiki hakikukubaliwa na sababu ni hii. Kisichokubaliwa ndicho kisemwe kwanza, kabla ya shukrani. Kifungu kikibadilika baadaye bungeni au kwenye kanuni, klipu mpya itoke na ya zamani itajwe kwa tarehe kwamba imepitwa.

Nakala mama mbili zibaki Dar, kwenye diski mbili zilizo majengo mawili tofauti. Ya tatu ibaki kijijini, kwenye kadi ya memori na fleshi, kwa mtu waliyemchagua wenyewe. Si lazima awe mtendaji, maana watendaji huhamishwa na hawakabidhi vitu vidogo.